Hewa inayoingizwa na hewa inayojiingiza: somo la kufunga kabureta ya Vespa kwa Kiswahili

Makala haya yametokana na kosa nililolifanya mwenyewe. Mwaka jana mjomba wangu aliniomba nimtafsirie karatasi ya maelekezo ya kufunga kabureta na bomba lake katika skuta yake ya zamani. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, kurasa mbili. Niliitafsiri kwa jioni moja, nikasifiwa nyumbani, na siku tisa baadaye pistoni ilikwama barabarani mjomba akiwa juu ya skuta. Chanzo kilikuwa maneno mawili ya Kifaransa ambayo niliyasoma kama mwanafunzi wa lugha, si kama fundi.

Katika kurasa hizi tunazoea kujadili istilahi kwa kulinganisha kamusi. Hapa nataka tuijadili kwa kulinganisha mikono. Nitaeleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, kwa sababu asiyeijua kazi hawezi kupima maneno yake, na pale neno liliponishinda nitasema lilinishinda vipi na lipi lilifaa badala yake.

1. Skuta, na sababu ya kubadili kabureta

Vespa ilianza kutengenezwa na Piaggio mjini Pontedera, Italia, mwaka 1946, kwa mchoro wa Corradino D'Ascanio, mhandisi aliyetoka katika kazi za ndege. Jina lake kwa Kiitaliano ni nyigu. Ya mjomba ni Primavera 125, mojawapo ya zile zenye bodi ndogo, aliyorudi nayo kutoka Ubelgiji alikofanya kazi miaka mingi. Silinda yake ya asili ina kipenyo cha milimita 55, na mwendo wa pistoni ni milimita 51, yaani sentimita za ujazo 121. Pamoja na skuta alileta silinda nyingine ya kuongeza nguvu, yenye kipenyo cha milimita 57, inayofikisha injini sentimita za ujazo 130.

Nyongeza ya sentimita tisa yaonekana ndogo. Lakini silinda ya namna hiyo ina milango mipana zaidi ya kupitisha gesi, nayo injini inavuta pumzi kubwa kuliko zamani. Kabureta ya asili ya Dell'Orto ina koo la milimita 19. Mpya aliyoinunua, pia ya Dell'Orto, ina koo la milimita 24. Tukumbuke kwamba eneo la tundu hukua kwa mraba wa kipenyo: 19 mara 19 ni 361, na 24 mara 24 ni 576. Njia ya hewa imeongezeka kwa karibu asilimia 60. Bomba la zamani ni jembamba kwa koo hilo, kwa hiyo anayebadili kabureta hubadili na bomba.

Injini hii ni ya mipigo miwili. Pistoni inapopanda, chini yake hubaki nafasi inayonyonya. Mchanganyiko wa hewa, petroli na oili huingia katika kasha la krankishafti. Pistoni inaposhuka, husukuma mchanganyiko huo upande hadi juu ya silinda kupitia njia za pembeni. Katika Vespa hii hakuna vali ya kufungua na kufunga mlango wa kuingilia. Sahani ya krankishafti yenyewe, inapozunguka, hupita mbele ya tundu na kulifungua au kulifunga. Basi safari ya hewa ni hii: kichujio, kabureta, bomba la kuingizia, gasketi, tundu la kasha.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Injini hii haina oili yake ya kuzunguka ndani kama ya gari. Oili humiminwa ndani ya petroli, asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita. Petroli kwa hiyo ina kazi mbili: kuungua na kubeba oili. Ikipungua kuliko hewa, joto linapanda na wakati huohuo ulainishaji unapungua. Ndiyo maana neno moja likikosewa katika karatasi ya kabureta, gharama yake si sentensi mbaya tu.

2. Maneno yaliyomo garajini

Kazi ilifanyika katika garaji moja ya komuni ya Katuba, hapa Lubumbashi. Fundi, ambaye sote tunamwita Papa, alijifunza kwa mikono tangu ujana wake. Anasoma Kiswahili vizuri na Kifaransa kidogo. Maneno yake ya kazi, kama ya mafundi wengi wa mji huu, yametoka katika Kifaransa na kuvaa sauti za kwetu: karburatere, jikleri, buji, ralanti. Injini ni motere, na pistoni inapokwama katika silinda, motere inasere. Fundi wa Dar es Salaam angesema kabureta, jeti, plagi, na angesema injini imenoki au imekwama. Kila upande ulichukua kutoka kwa mtawala wake.

Mfano mzuri wa kutengana huku ni mwendo wa injini isipopewa mafuta, skuta ikiwa imesimama. Kwetu huo ni ralanti, na Mfaransa angetuelewa. Tanzania mafundi huuita silensa, na utasikia wakisema silensa inapanda na kushuka. Lakini neno hilo kwa asili ni jina la chombo cha kupunguza kelele katika bomba la moshi. Mwanafunzi akitafsiri kwa kamusi ya Kiingereza mkononi, atamtuma fundi nyuma ya skuta wakati tatizo liko mbele, kwenye skrubu ndogo ya kabureta.

Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Lakini karatasi zinazofungashwa pamoja na vipuri hazisomi katiba. Zinakuja kwa Kiitaliano, Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, na kazi ya kuzisogeza hadi kwenye meza ya fundi huangukia mtu yeyote wa karibu aliyesoma. Mara nyingi mtu huyo ni mmoja wetu. Katika makala haya nitatumia kabureta, jeti, plagi na gasketi, kwa kuwa yanaeleweka mbali zaidi, bila kudai kwamba maneno ya Papa ni mabaya.

3. Kazi ya bomba: nyuso mbili na karatasi moja

Bomba la kuingizia lina kichwa bapa chenye matundu ya bolti. Kichwa hicho hukaa juu ya uso bapa wa kasha la injini, na kati yao hukaa gasketi. Katika injini za bodi ndogo, baadhi zina bolti mbili na nyingine tatu, kwa hiyo kuhesabu ndiyo kazi ya kwanza kabla ya kununua chochote.

Ni rahisi zaidi injini ikiteremshwa. Bomba la zamani likishatolewa, tundu lililobaki wazi linaelekea moja kwa moja kwenye krankishafti. Punje ya mchanga ikitumbukia humo, itasagwa kati ya sahani na ukuta wake. Papa hujaza tundu kitambaa safi kabla ya kuanza kukwangua gasketi iliyogandamana.

Kisha hupima unyoofu wa kichwa cha bomba. Huweka msasa laini juu ya kipande cha kioo, akakisugua kichwa juu yake mara chache kwa mizunguko midogo. Sehemu zinazong'aa ndizo zilizogusa. Sehemu zilizobaki nyeusi ni mabonde. Huendelea mpaka uso wote ung'ae sawasawa. Uso wa kasha nao hutazamwa kwa mwanga wa pembeni ili mikwaruzo ionekane.

Halafu gasketi mpya huwekwa kama kielelezo. Tundu la bomba, tundu la gasketi na tundu la kasha yanapaswa kulingana. Kingo inayojitokeza katikati ya njia huizuia hewa kama jiwe katika mfereji. Bomba linaweza kukerezwa, na gasketi inaweza kukatwa. Lakini ndani ya kasha, pale sahani ya krankishafti inapopita karibu sana na ukuta, tupa halifiki. Ukuta huo ndio vali yenyewe, na ukikwaruzwa hauzibi tena.

Hapo ndipo bomba hufungwa: gasketi mpya, utando mwembamba wa gundi isiyoyeyushwa na petroli, nati zikikazwa kidogo kidogo kwa zamu ili kichwa kisilale upande mmoja. Gundi ikizidi hufurika ndani ya njia, hukauka, hukatika na kumezwa na injini.

Hatua hizi zote nilizitafsiri bila shida kubwa. Kosa lilikuja katika mstari uliofuata.

4. Maneno mawili: prise d'air

Karatasi ilisema kwamba, baada ya kukaza, fundi achunguze kama kuna prise d'air. Neno prise limetoka katika kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kutwaa au kuchukua. Prise d'air kwa hiyo ni kule kutwaa hewa, na pia ni mahali hewa inapotwaliwa, kwa mfano mdomo uliotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo. Hiyo ndiyo maana niliyoijua. Katika kinywa cha mafundi wa Kifaransa, hata hivyo, maneno hayohayo mara nyingi yana maana karibu kinyume: ni hewa iliyotwaliwa mahali pasiporuhusiwa, kupitia ufa, gasketi mbovu au mpira uliolegea.

Mimi niliandika: Hakikisha mahali pa kuingizia hewa.

Papa alifanya kama alivyoambiwa. Alifungua kichujio, akasafisha mdomo wake, akaona hewa inapita vizuri, akafunga. Sentensi yangu ilikuwa sahihi kisarufi, nayo ilimpeleka upande mwingine wa kabureta, mbali na gasketi. Na kwenye uso wa kasha, chini ya gasketi hiyo, kulikuwa na mkwaruzo wa zamani ambao ulihitaji kutazamwa mara ya pili.

Dalili zilikuwepo. Ralanti ilipanda yenyewe injini ilipopata joto. Mjomba alipoachia mafuta, injini ilikawia kushuka. Papa aliipunguza kwa skrubu, kama fundi yeyote angefanya akiamini kwamba mambo mengine yote yamehakikiwa. Aliongeza na hesabu nyingine, ambayo ilikuwa sahihi kabisa. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Pontedera iko karibu na usawa huo. Hewa yetu ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi, kwa hiyo jeti iliyochaguliwa kule huku hutoa petroli iliyozidi. Papa akaweka jeti ndogo zaidi. Hesabu ilikuwa nzuri kwa injini iliyozibwa vema. Kwa injini yenye ufa, petroli ilipunguzwa mara mbili: mara moja kwa jeti, mara ya pili kwa hewa ambayo kabureta haikuwa na habari nayo.

Siku ya tisa mjomba alikuwa katika barabara ya Likasi, sehemu ndefu iliyonyooka, mafuta yamefunguliwa karibu yote. Anasema sauti ilibadilika, ikawa nyembamba, na mara gurudumu la nyuma likashikwa. Vidole vyake vilikuwa juu ya klachi. Aliivuta, gurudumu likaachiwa, skuta ikaserereka hadi pembeni. Hakuanguka. Kama vidole vingekuwa kwingine, nisingeandika makala haya kwa moyo huu.

Silinda ilipofunguliwa, tuliona alumini ya pistoni imepakwa kwenye ukuta upande wa mlango wa moshi. Plagi ilikuwa nyeupe. Baada ya kurudisha silinda mahali pake, Papa aliziba mlango wa moshi na koo la bomba, akatia hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli, kisha akapaka maji ya sabuni kwenye maungio. Mapovu yalitoka chini ya kichwa cha bomba. Akanitazama akasema: "Mwana, motere ilikuwa inakula mupepo pembeni."

5. Kutafuta neno

Nilirudi nyumbani na swali: kwa Kiswahili kinachoweza kusomwa Katuba na Morogoro pia, hewa hiyo tuiiteje?

Wazo la kwanza lilikuwa mvujo wa hewa. Kuvuja kunafaa kwa paa na kwa mtumbwi, ambako maji huingia yasikotakiwa. Lakini garajini kuvuja kumeshikamana na kitu kinachoonekana: oili sakafuni, petroli inayodondoka. Ukimwambia fundi atafute panapovuja, atapapasa akitafuta unyevu. Bomba linalonyonya hewa linaweza kubaki kavu kabisa.

Jibu lilikuwa ndani ya vitenzi vyetu vyenyewe. Tazama mfululizo huu: ingia, ingiza, ingizwa, ingizia, jiingiza. Kiambishi cha kusababisha kinaleta mtu nyuma ya tendo. Hewa inayoingizwa ni hewa yenye mwenyewe: imepita kichujio, imepimwa na koo la kabureta, imepewa petroli yake. Bomba la kuingizia, kwa kiambishi cha kutendea, ni njia iliyowekwa kwa kazi hiyo. Lakini hewa inayojiingiza haikutumwa na yeyote. Kiambishi -ji- kinaondoa mtumaji na kuacha mjaji peke yake. Zaidi ya hayo, Kiswahili tayari kimetia lawama katika kitenzi hiki. Tunaposema mtu amejiingiza katika mambo ya wengine, hakuna anayefikiri kwamba alialikwa.

Maana mbili ambazo Kifaransa kilizifunga katika maneno mawili yaleyale, sarufi ya Kiswahili inazitenga kwa viambishi tu. Sikuhitaji kuunda istilahi mpya, nilihitaji kuchagua umbo.

Niliandika sentensi mpya: Tafuta kama kuna hewa inayojiingiza kando ya gasketi. Nilimsomea Papa bila maelezo yoyote. Alinyoosha kidole kwenye kichwa cha bomba. "Aa," akasema, "ile ya wizi."

6. "Masikini ya nini?"

Kosa la pili halikuvunja kitu, kwa sababu Papa aliuliza. Karatasi ilizungumzia mélange pauvre, nami nikaandika mchanganyiko maskini. Papa alisoma, akasimama. "Masikini ya nini? Ya mupepo ao ya esanse?"

Ni swali la haki. Mchanganyiko una pande mbili. Ili petroli iungue yote bila kubakiza, kilo 1 yake inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Mafundi wa Ulaya wamekubaliana kwamba umaskini na utajiri huhesabiwa kwa upande wa petroli, na makubaliano hayo hayaonekani ndani ya neno. Anayelisoma bila kuyajua anabaki na nusu ya habari.

Nilijaribu mwepesi na mzito, kama tunavyosema kwa uji. Lakini petroli nyepesi kwa wengi ni petroli iliyochakachuliwa, na tungeleta hofu nyingine. Mkavu nao unachanganya, kwa kuwa plagi inaweza kuwa kavu na nyeusi kwa wingi wa petroli. Mwishowe niliandika mchanganyiko wenye petroli haba na mchanganyiko wenye petroli iliyozidi. Ni maneno mengi zaidi. Ila hayaachi swali la ya nini, na kwa kazi hii hilo ndilo nililolihitaji.

Jeti nazo zinasaidia lugha kuwa wazi. Namba ya jeti ya Dell'Orto ni kipenyo cha tundu lake kwa sehemu za mia za milimita: 98 ni milimita 0.98. Namba ikipanda, petroli inapanda. Basi hatuna haja ya kusema tajirisha. Tunasema weka namba kubwa zaidi.

7. Skrubu mbili zisizopaswa kuwa na jina moja

Kabureta huwa na skrubu ya kuinua ralanti, na nyingine ndogo ya kurekebisha mchanganyiko wa ralanti hiyo. Hii ya pili ndiyo mtego. Katika kabureta nyingine iko upande wa kichujio na hupima hewa. Ukiirudisha nyuma, hewa inaongezeka na petroli inakuwa haba. Katika nyingine iko upande wa injini na hupima mchanganyiko uliokwisha kutiwa petroli; ukiirudisha nyuma, petroli inaongezeka. Mzunguko uleule wa bisibisi, matokeo kinyume.

Mwanzoni nilikuwa nimeziita zote skrubu ya hewa. Sasa nasema skrubu ya hewa kwa ile ya upande wa kichujio, na skrubu ya mchanganyiko kwa ile ya upande wa injini. Niliacha pia kitenzi fungua. Fungua skrubu mzunguko mmoja inaweza kusomwa kama amri ya kuitoa. Irudishe nyuma mzunguko mmoja haina maana mbili.

8. Onyo linalochelewa

Katika garaji hakuna anayesoma ukurasa mzima kisha akaanza kazi. Kijana husoma kwa sauti, fundi hutenda. Kila sentensi inatekelezwa ikishasikika. Karatasi ya Kifaransa iliweka maonyo baada ya matendo: kaza nati, ukiangalia gundi isifurike. Katika Kifaransa kinachosomwa kimya kwa jicho hilo halidhuru. Likitafsiriwa kwa mpangilio uleule, gundi imekwisha kufurika kabla ya onyo kufika.

Kwa hiyo katika tafsiri ya pili kila usi- imetangulia amri yake. Haya ndiyo maelekezo yaliyobandikwa sasa ukutani kwa Papa:

1. Hesabu bolti za kasha. Linganisha na matundu ya bomba jipya.
2. Kabla ya kukwangua, ziba tundu la kasha kwa kitambaa safi.
3. Sugua kichwa cha bomba juu ya msasa na kioo mpaka king'ae chote.
4. Usiguse kwa tupa ukuta wa ndani unaopitiwa na sahani ya krankishafti. Linganisha matundu ya bomba, gasketi na kasha.
5. Usipake gundi karibu na ukingo wa tundu. Paka utando mwembamba, weka gasketi mpya.
6. Toa kitambaa. Kaza nati kidogo kidogo, kwa zamu.
7. Funga kabureta ikiwa imesimama wima, ili boya lake lipime petroli sawasawa. Mpira na vibano vyake visiwe na ufa.
8. Acha ulegevu mdogo katika waya wa mafuta. Geuza usukani kushoto na kulia: ralanti isibadilike.
9. Fungua bomba la tangi. Petroli itiririke bila kukatika, mpira wake usikunjike.
10. Tafuta hewa inayojiingiza: ziba mlango wa moshi na koo la bomba, tia shinikizo dogo lisilozidi bar 0.4, paka maji ya sabuni. Povu likitoka, rudi hatua ya 3.
11. Anza na jeti yenye namba kubwa. Shuka hatua moja moja.
12. Injini ikiwa na joto, endesha mafuta yakiwa yamefunguliwa yote, kisha vuta klachi na uzime injini palepale. Toa plagi. Nyeupe: petroli haba, usiendelee. Nyeusi yenye unyevu: petroli imezidi. Rangi ya kahawa: vema.
13. Ralanti ikipanda yenyewe, usiipunguze kwa skrubu. Rudi hatua ya 10.

Mstari wa 13 haukuwemo katika karatasi ya Kifaransa. Niliuongeza kwa ruhusa ya Papa, kwa sababu ndipo tulipopotea.

9. Tunachoweza kujifunza

Silinda ya mjomba ni ya chuma cha kusubu, kwa hiyo iliweza kusuguliwa na kutiwa pistoni kubwa kidogo. Pistoni hiyo ilichukua miezi mitatu kufika, na fedha yake ilikuwa imetengwa kwa mambo mengine ya nyumbani. Mjomba hakunigombeza. Aliniambia tu: "Mwipwa wangu, ungeniuliza neno usilolijua." Ukweli ni kwamba nilidhani ninalijua, na hiyo ndiyo hali ngumu zaidi kwa mtafsiri. Neno geni kabisa humsimamisha. Neno linalofanana na analolijua humpitisha.

Kwa walimu wetu na wenzangu wa kitivo napendekeza jaribio moja kwa kila tafsiri ya kazi za mikono, pamoja na kulinganisha kamusi tunakokuzoea. Msomee kwa sauti mtu mwenye chombo mkononi, usimweleze chochote, kisha tazama mkono wake unakwenda wapi. Ukienda pengine, usimsahihishe mtu. Sahihisha sentensi.

Skuta sasa inatembea. Nilipopita Katuba wiki iliyopita, kijana wa garaji alikuwa akimsomea Papa ile karatasi kwa pikipiki ya mteja mwingine, isiyo Vespa wala ya zamani. Alipofika hatua ya 10 hakusoma hewa inayojiingiza. Alisoma hewa ya wizi, ingawa sivyo ilivyoandikwa. Sikumsahihisha. Nimechukua kalamu, na katika nakala yangu nimeandika maneno hayo pembeni ya yale yangu.